Uzi: Embolizimu ni nini hasa, na kwa nini tuulize kilichoziba mshipa kimetoka wapi

Tabibu wa Elgon, Mbale (anafungua uzi)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Naomba tujadili neno ambalo wagonjwa wetu wengi hulikuta kwenye karatasi ya kuruhusiwa hospitalini na kufika nalo nyumbani bila maelezo: embolizimu. Jamaa wakiuliza, hujibiwa kwa kifupi kwamba «damu imeganda kwenye mshipa», na mazungumzo huishia hapo. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ila linaacha nje jambo ambalo matibabu yote hulitegemea. Embolizimu ni kuzibwa kwa mshipa wa damu na kitu kilichotoka mahali pengine mwilini, au hata nje ya mwili, kikachukuliwa na mkondo wa damu mpaka kikafika penye mshipa mwembamba kuliko chenyewe, kikakwama. Kwa hiyo mwenye embolizimu ana sehemu mbili za kushughulikiwa: pale palipoziba, ambapo ndipo anapougulia, na kule kilikotoka kizibo, ambako mara nyingi hakuumi hata kidogo. Mimi ni afisa wa tiba, na ninachokiona mara kwa mara ni familia inayopambana kwa nguvu zote na mahali pa kwanza huku ikipasahau pa pili, halafu baada ya muda kizibo kingine kinatoka kulekule.

Mshipa unaweza kuzibika kwa njia nyingine pia, na hapo ndipo majina yanapochanganywa. Damu ikiganda na kujijenga papo hapo ndani ya mshipa, hiyo ni trombosi. Ukuta wa ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, ukijaa mafuta na chokaa mwaka hadi mwaka mpaka njia ikawa nyembamba, huo ni ugumu wa ateri, na ndio unaoandaa mishtuko mingi ya moyo: utando wa mafuta hupasuka, damu huganda juu yake, na msuli wa moyo hukosa damu. Katika malaria kali ya ubongo, chembe nyekundu zilizobeba vimelea hunata kwenye kuta za mishipa midogo na kuzuia njia. Katika selimundu, ambayo wengi wetu tunaiita siko seli, chembe zilizopinda husongamana katika mishipa midogo, na mtoto hulia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Hili la mwisho si geni kwetu, kwani uchunguzi wa damu za watoto wadogo uliofanywa Uganda nzima mwaka 2014 na 2015 ulionyesha kwamba asilimia 13.3 yao wamerithi jeni ya ugonjwa huo kutoka kwa mzazi mmoja. Hali zote hizo huziba mishipa, lakini kwa asili yake hakuna hata moja iliyo embolizimu, maana kizibo hakikusafiri. Trombosi ndiyo iliyo karibu zaidi nayo, kwa sababu bonge lililojengeka mahali pamoja linaweza kukatika na kuanza safari.

Aliyetenganisha mambo hayo mawili ni Rudolf Virchow, daktari Mjerumani aliyefanya kazi katika hospitali ya Charité mjini Berlin miaka ya 1840. Wakati huo madaktari wengi waliamini kwamba bonge linalokutwa kwenye ateri ya pafu la maiti limezaliwa hapohapo kutokana na uvimbe wa mshipa. Virchow alipasua maiti, akaona kwamba mabonge ya mapafuni huandamana na mabonge mengine katika vena za miguu, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, akaingiza vipande vya mpira katika vena za shingo za mbwa, na vipande hivyo akavikuta mapafuni. Ndiye aliyeyapa majina trombosi na embolia maana tunayoitumia hadi leo.

Njia ya kizibo inatabirika, na anayeielewa hupata nusu ya jibu. Damu yote inayorudi kutoka miguuni, tumboni na mikononi kwa vena huingia upande wa kulia wa moyo, kisha hupelekwa mapafuni, ambako mishipa hugawanyika na kuwa myembamba mno. Hapo mapafu hufanya kazi ya chujio la chai. Bonge lililotoka kwenye vena ya paja, basi, litakwama pafuni na si kwingineko. Bonge lililozaliwa upande wa kushoto wa moyo haliwezi kwenda pafuni. Hilo huingia katika ateri kuu na kutupwa kwenye ubongo, mkono, mguu, figo au utumbo. Kuna watu wazima, yapata mmoja katika kila wanne, ambao kitundu cha utotoni kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo hakikufunga vizuri, na kwao bonge la mguuni linaweza kupita upande wa pili likaleta kiharusi. Hao ni wachache miongoni mwa wagonjwa tunaowaona, lakini kijana akipata kiharusi bila sababu yoyote, daktari ataliulizia hilo.

Nawakaribisha mwulize na mwongeze.

Katekista wa Tororo

Asante, Tabibu. Mimi si mtu wa tiba, ila neno hili nimelikuta mahali ambapo sikulitarajia. Katika mafunzo yetu ya liturujia tuliambiwa kwamba sala anayoisema padri peke yake mara baada ya Baba Yetu, ile inayoomba kuokolewa na maovu yote na kupewa amani, inaitwa embolizimu. Mwenzangu mmoja alicheka akasema huo ni ugonjwa wa moyo. Je, ni neno lile lile au ni majina yaliyofanana tu?

Tabibu wa Elgon, Mbale

Ni lile lile, ndugu Katekista, na nashukuru kwa kulileta. Asili yake ni Kigiriki, kutoka kitenzi chenye maana ya kutia kitu ndani au kukiingiza katikati, na kutoka hapo likapatikana jina la kigingi au kizibo. Sala hiyo imeitwa hivyo kwa kuwa imeingizwa kati ya ombi la mwisho la Baba Yetu na maneno ya «ufalme ni wako» yanayoitikiwa na waamini. Watu wa kalenda nao wanalo: Wayahudi hufuata miezi ya mwandamo, na ili sikukuu zao zisihame majira, katika kila miaka 19 wanayo 7 yenye mwezi wa kumi na tatu ulioingizwa, nayo huitwa miaka ya embolizimu. Kwa maana zote tatu kuna kitu kilichotoka nje ya mfululizo kikatiwa ndani yake. Katika sala na kalenda kimewekwa kwa makusudi na kwa faida. Katika mshipa kimeingia bila kualikwa. Nakuomba umwambie mwenzako kwamba hata kitabibu embolizimu si jina la ugonjwa wa moyo, ingawa moyo ni mojawapo ya mahali inapoanzia.

Muuguzi wa Lira

Naomba niongeze kutoka wodi ya mifupa, kwa sababu watu wengi wakisikia embolizimu hufikiri ni damu tu. Kijana anaanguka na boda boda, mfupa wa paja unavunjika, analetwa akiwa na fahamu zake zote, anaongea na ndugu zake, anaomba maji. Siku ya pili anaanza kuhema haraka, anachanganyikiwa, hajui yuko wapi. Ukimfunua kifua na kutazama makwapa unaona vidoadoa vyekundu vidogo kama ncha za pini, na ukivuta kope ya chini unavikuta hata kwenye jicho. Hayo ni mafuta. Uboho wa mifupa mirefu una mafuta mengi, na mfupa unapovunjika matone yake huingia katika vena zilizopasuka na kufika mapafuni, mengine hupenya hadi kwenye ubongo. Kwa kawaida hutokea kati ya saa 24 na 72 baada ya ajali, yaani wakati ambao familia imeshaanza kushukuru kwamba mgonjwa amenusurika.

Ninalisisitiza hili kwa sababu nimeona jamaa wakidhani mgonjwa amerogwa, au ameanza wazimu, au amepewa dawa mbaya na wauguzi, na wengine wakitaka kumwondoa kitandani kumpeleka kwa mganga wa kienyeji wa kuunga mifupa. Anayehema hivyo anahitaji oksijeni mara moja. Na mfupa uliofungwa vizuri ukatulia mapema hupunguza hatari, kwa hiyo kumburuta na kumgeuzageuza mtu mwenye paja lililovunjika, kama tunavyofanya barabarani tunapomrundika nyuma ya gari dogo, ni kumwongezea madhara.

Kwa akina mama, liko jambo la nadra lakini zito: maji ya uzazi yenye chembe za mtoto kuingia katika damu ya mama wakati wa kujifungua. Mama hukata pumzi ghafla, presha huanguka, kisha damu hukataa kuganda na kutoka bila kusimama. Haliwezi kutabirika na halitokani na kosa la mama. Ndiyo maana tunawasihi wajifungulie mahali penye oksijeni, damu ya kuongezewa na mtu wa kuwahudumia.

Tabibu wa Elgon, Mbale

Dada Muuguzi, umeeleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi. Ona sasa kwamba dawa za kuzuia damu kuganda, ambazo mtu mwenye bonge kutoka mguuni hawezi kuzikosa, hazina kazi kwa kizibo cha mafuta, na kwa mama anayevuja damu zingemmaliza. Jina ni moja, tiba ni mbalimbali.

Hewa nayo ni kizibo. Ikiingia kwa wingi kupitia mrija mkubwa wa shingoni uliofunguka, mgonjwa hulazwa kwa ubavu wa kushoto kichwa kikiwa chini, akapewa oksijeni kamili. Mapovu madogo yanayoonekana katika mrija wa dripu ya mkononi, ambayo akina mama huyakodolea macho kwa hofu, kwa kawaida hayafiki kiwango cha kumdhuru mtu mzima. Mwite muuguzi ayatoe, usichomoe sindano.

Vijidudu pia husafiri. Vali ya moyo, yaani mlango unaozuia damu isirudi nyuma, iliyoshambuliwa na bakteria huota vinundu laini vinavyokatika vipande vipande na kupanda usaha popote vinapotua, na hapo tiba ni antibayotiki za mshipani kwa wiki kadhaa.

Ila kizibo ambacho naona kinatuhusu kuliko vyote katika nchi hii, na ambacho ni nadra kusikia kikitajwa katika habari za mishipa kuziba, ni yai la mnyoo. Wavuvi wa Ziwa Albert na watu wanaoishi kando ya Nile inapotoka humo wanaifahamu bilihazia. Minyoo dume na jike huishi wakiwa wamekumbatiana katika vena za utumbo, na jike hutaga mayai mamia kila siku. Sehemu ya mayai hupenya utumbo na kutoka na choo. Mengine hubebwa na damu ya vena ya tumboni kuelekea ini, na kwa kuwa ni makubwa kuliko vijia vya mwisho vya vena hiyo, hukwama. Kila yai lililokwama huzungukwa na uvimbe, uvimbe huacha kovu, na baada ya miaka damu ya tumbo inakosa njia ya kupita katika ini. Bandama huvimba, tumbo hujaa maji, vena za koo la chakula hututumka, na siku moja mtu mzima mwenye nguvu zake hutapika damu beseni zima. Anayemwona siku hiyo husema ana vidonda vya tumbo. Chanzo ni maji aliyoyakanyaga akiwa mtoto, na minyoo iliyoendelea kutaga kwa sababu hakumeza prazikwanteli, dawa ambayo mpango wa taifa umekuwa ukiigawa katika wilaya za ziwani tangu 2003. Nimelieleza kwa urefu kwa sababu hapa swali la kizibo kimetoka wapi lina jibu ambalo hata mwalimu wa shule ya msingi anaweza kulifanyia kazi.

Binti Bombo

Shikamoo, Tabibu. Mama yangu ana miaka 44 na alipata kiharusi mwaka uliopita. Mkono wa kulia na maneno bado ni shida. Hana presha wala sukari, na kila mtu alitushangaa. Baadaye tukaambiwa vali ya moyo imeharibika tangu utotoni na kwamba bonge lilitoka moyoni. Nina maswali mawili. Kwanza, moyo wa utotoni unahusianaje na kiharusi cha leo? Pili, wodini alichomwa sindano za heparini za kuzuia damu kuganda, na mzee mmoja wa familia akasema zinatokana na nguruwe. Sisi ni Waislamu, na jambo hilo limemkosesha mama amani.

Tabibu wa Elgon, Mbale

Marahaba, binti yangu, na pole kwa mama. Swali lako la kwanza ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Mtoto hupata maumivu ya koo yanayoletwa na bakteria. Yasipotibiwa, katika baadhi ya watoto mwili hushambulia moyo wake wenyewe, na hiyo ndiyo homa ya rumatiki. Vali iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto hupata kovu na kuwa nyembamba. Damu hurundikana katika chumba cha juu, chumba hutanuka, na baada ya miaka huacha kupiga kwa mpangilio, kikawa kinatetemeka tu. Damu inayokaa bila kusukumwa huganda. Bonge likikatika hapo, njia yake ya kwanza ni kwenye ateri kuu, na mishipa ya ubongo iko jirani. Kwa hiyo kiharusi cha mama hakikuanzia kichwani, na mazoezi ya mkono, pamoja na umuhimu wake mkubwa, hayatazuia cha pili. Kinachozuia cha pili ni kuushughulikia moyo, na mahali pa kuuliza habari za vali ni Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago.

Tena hapa aina ya dawa ina maana. Siku hizi ziko dawa mpya za kuzuia damu kuganda ambazo hazihitaji vipimo vya mara kwa mara, na wengi huzipenda. Lakini utafiti wa INVICTUS uliochapishwa mwaka 2022, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye mapigo yasiyo na mpangilio kutokana na moyo wa rumatiki, ulionyesha kwamba waliotumia dawa ya zamani, yaani wafarini na jamii yake, walipata nafuu kubwa zaidi na vifo vilikuwa vichache kuliko waliotumia rivaroksabani, mojawapo ya hizo mpya. Mtu akikushauri umbadilishie mama dawa kwa sababu jirani yake anatumia nyingine, mwulize jirani huyo bonge lake lilitoka wapi.

Wadogo zako na watoto wa nyumba hiyo wapimwe moyo. Kule Gulu ulifanyika utafiti wa watoto 818 wenye dalili za awali za ugonjwa huu ambazo huonekana kwa ultrasaundi tu. Waliochomwa penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili, ugonjwa ulisonga mbele kwa asilimia 0.8 yao, na wasiochomwa, kwa asilimia 8.2. Huo ni ushahidi uliopatikana katika nchi yetu, kwa watoto wetu, na ninatamani kila mzazi aujue.

Kuhusu heparini, mzee amesema kweli: sehemu kubwa ya heparini inayotumika duniani husafishwa kutoka utumbo wa nguruwe. Mimi si mwanachuoni na sitatoa fatwa, ila najua kwamba wanazuoni wengi wameruhusu dawa ya namna hiyo pale ambapo uhai uko hatarini na mbadala haupatikani, na ni vizuri mkamwuliza imamu wenu ili mama atulie moyo. Ipo pia fondaparinaksi, ambayo hutengenezwa maabara bila mnyama, ingawa haipatikani kila mahali na haifai kwa kila mgonjwa. Wafarini anayotumia nyumbani haitokani na nguruwe.

Mkazi wa Arua

Tabibu, habari. Baba yangu alifanyiwa upasuaji wa tezi dume wiki tatu zilizopita mjini Kampala, akarudi Arua kwa basi. Tangu juzi mguu wa kushoto umevimba na unamuuma nyuma, chini ya goti. Mama amekuwa akimkanda kwa maji ya moto na mafuta ya simsim asubuhi na jioni, na anasema unapungua. Baba mwenyewe anasema ni uchovu wa safari. Je, ninaogopa bure?

Tabibu wa Elgon, Mbale

Huogopi bure, ndugu yangu. Tafadhali mwambie mama aache kumkanda leo hii, kwa upole, maana anafanya kwa upendo. Mguu mmoja uliovimba baada ya upasuaji na kukaa kwa saa nyingi, tena kwa mzee, lazima uchukuliwe kuwa una bonge katika vena ya ndani mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Bonge changa halijashikamana vizuri na ukuta, na kulikanda kwa nguvu kunaweza kulikata likapanda mapafuni.

Wakati mnajiandaa kwenda hospitali, fanya hivi. Chukua utepe wa fundi cherehani. Tafuta kinundu cha mfupa wa muundi kilicho chini kidogo ya goti, shuka sentimita 10, na uzungushe utepe kwenye shavu la mguu bila kuukaza. Fanya vivyo hivyo mguu wa pili, uandike namba zote mbili. Tofauti ya sentimita 3 au zaidi ni mojawapo ya mambo ambayo daktari huyahesabu anapokadiria uwezekano wa bonge, na namba hizo zitamsaidia kuliko neno «umevimba». Tofauti ikiwa ndogo, bado mpeleke.

Huko mwombe ultrasaundi ya vena za mguu. Ni kipimo kisicho na maumivu, na unaweza kukiona mwenyewe kwenye kioo: fundi hubonyeza ngozi kwa kichwa cha mashine, na vena nzima hulala bapa ikatoweka, kisha hurudi duara anapoachia. Vena yenye bonge hukataa kubonyea. Ateri iliyo kando yake huendelea kudunda kama kawaida.

Akianza kukosa pumzi ghafla, akichomwa kifuani anapovuta hewa, akikohoa damu au akizimia, msisubiri miadi wala gari la asubuhi. Bonge limekwishafika pafuni. Asubuhi ni mbali mno kwa hali hiyo.

Habari ya uchovu wa safari ina ukweli kidogo, kwani kukaa bila kunyoosha miguu kwa zaidi ya saa nne huongeza hatari kwa kiasi cha mara mbili, lakini kwa msafiri mzima hatari yenyewe ni ndogo sana tangu mwanzo. Kwa baba yako kilicho kizito ni upasuaji, na safari imeongezea tu juu yake.

Mwanafunzi wa Uuguzi, Gulu

Mwalimu wetu alitaja matibabu yanayoitwa embolaizesheni kwa akina mama wenye uvimbe wa kizazi. Nilichanganyikiwa. Tunawezaje kumtibu mtu kwa kitu ambacho tunakiogopa?

Tabibu wa Elgon, Mbale

Swali zuri. Hapo daktari mwenyewe ndiye anayeziba mshipa, kwa kupitisha mrija mwembamba kutoka kwenye ateri ya paja au ya mkono hadi kwenye ateri inayolisha uvimbe, kisha kuachia chembe ndogo zinazozuia damu isifike. Uvimbe hunyauka kwa kukosa chakula. Kwa uvimbe wa kizazi, tiba hii iliripotiwa kwanza na madaktari wa Ufaransa mwaka 1995, na njia hiyohiyo hutumika kusimamisha damu kwa mama aliyejifungua au kwa aliyepasuka bandama ajalini. Kinachofanya isiwe hatari ni kwamba chanzo, njia na mwisho wa kizibo vinajulikana kabla hakijaachiwa.

Na upande wa pili kuna kukitoa. Mguu ukiwa baridi ghafla, umepauka, hauna mdundo na hauhisi kitu, kuna kizibo katika ateri, na misuli huanza kufa baada ya saa kama sita. Tangu Thomas Fogarty wa Marekani alipoonyesha mwaka 1963 mrija wake wenye kipira kidogo mbeleni, daktari wa upasuaji huweza kuupitisha nyuma ya bonge, kukijaza kipira na kuvuta bonge nje. Chombo hicho hakina msaada kwa mguu uliofikishwa siku ya pili.

Binti Bombo

Tabibu, nashukuru sana. Nimemsomea mama maneno yako. Swali moja la mwisho. Ameambiwa asile mboga za majani kama dodo na nakati kwa sababu ya wafarini, naye anaona ameadhibiwa. Tena kliniki imemwanzishia dawa za kifua kikuu wiki hii. Tuendelee na kipimo kilekile cha wafarini?

Tabibu wa Elgon, Mbale

Binti yangu, la pili ni la haraka kuliko la kwanza, kwa hiyo naanza nalo. Katika dawa za kifua kikuu imo rifampisini, ambayo huliamsha ini kuivunja wafarini upesi kuliko kawaida. Kipimo kilichomtosha mwezi uliopita kinaweza kuwa hakimlindi kabisa baada ya wiki moja au mbili, na damu ikaanza kuganda tena katika chumba kilekile cha moyo. Msimwongezee vidonge wenyewe. Rudini kliniki ya moyo kesho mkiwa na dawa zote mbili mkononi, mwombe kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kirudiwe kila wiki mpaka kitulie, na lengo la wagonjwa wa namna yake huwa kati ya 2 na 3. Siku atakapomaliza rifampisini hatari hugeuka upande wa pili: kipimo kikubwa alichokuwa amezoea kitakuwa kingi mno kwake, na anaweza kuvuja damu puani, kwenye mkojo au kichwani. Ziandikeni tarehe zote mbili, ya kuanza na ya kumaliza, kwenye kadi yake ya wafarini ili kila atakayemhudumia azione.

Kuhusu mboga, hakuna sababu ya kumnyima. Dodo na nakati zina vitamini K, inayopingana na wafarini, lakini shida huletwa na kubadilisha kiasi, kama kula sufuria zima wiki hii na kuacha kabisa wiki ijayo. Ale kiasi kinacholingana kila siku, na daktari atapanga dawa kulingana na chakula chake. Zaidi ya hapo, asimeze aspirini wala dawa nyingine za maumivu za dukani bila kuuliza, na dawa za mitishamba azitaje zote kliniki, hata zile ambazo shangazi amesema hazina madhara.